Afisa Mawasiliano Mfuniko

Nchi hii haipo, msihangaike kuitafuta. Mwalimu wa jiografia akiulizwa ilipo, hukohoa akafuta ubao. Inaitwa Shwari, na imepewa jina hilo kwa sababu humo halijawahi kutokea jambo baya hata moja. Mvua ikikosekana mwaka mzima, redio ya Shwari hutangaza kuwa jua limeongezewa muda wa kazi. Daraja likianguka mtoni, hutangazwa kwamba serikali imewajengea samaki. Watu wa Shwari ni wasikivu. Husema, "Haya," wakavua viatu, wakapandisha suruali, wakavuka kwa miguu.

Basi Jumanne moja watu wa Shwari wakaanza kushikwa na kwikwi.

Kwikwi, sote tunaijua, si ugonjwa wa kumtoa mtu machozi. Mtoto mchanga akishikwa nayo, mama yake huchomoa uzi kwenye kanga, huutia mate kidogo, humbandika katikati ya paji la uso, mambo yakaisha. Lakini kwikwi ya Shwari haikusikia uzi, wala maji, wala kubana pumzi. Ilimshika mtu Jumanne, ikamwachia Jumanne ya pili, ikamrukia jirani yake. Hakimu mmoja alitaka kumfunga mwizi wa kuku mwezi mmoja. Akasema, "Nakufunga mwezi, kwik! mwezi, kwik! mwezi mmoja." Karani akajumlisha, mwizi akaenda miezi mitatu. Bwana harusi mmoja aliulizwa kama amekubali, akajibu, "Nime, kwik! Nime, kwik!" hadi baba mkwe akachoka, akamshika binti yake mkono, wakarudi nyumbani na mapilau yao.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, pembeni mwa Mtaa wa Kisima, alikuwepo mwanamke kijana jina lake Kibibi. Aliuza uji. Uji wa mchele wenye nazi na pilipili manga, mzito kiasi cha kusimamisha kijiko, na watu waliamka kwa ajili yake. Kibibi mwenyewe alikuwa na haya mno. Akitazamwa usoni hutazama sufuria. Akisifiwa huongeza kuni. Miaka kumi na moja aliyofanya biashara pale hajawahi kuita mteja kwa mdomo wake, kwa sababu sauti ikifika kooni hugeuka ikarudi ilikotoka.

Aliyeita wateja alikuwa ni mfuniko. Mfuniko wa sufuria kubwa, mzito, umebonyea upande mmoja tangu siku ulipomwangukia mbuzi wa jirani. Kibibi aliunyanyua kwa mkono wa kushoto, akaugonga kwa upawa wa chuma. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Mara tatu: uji tayari, njooni. Mara mbili: subirini, haujaiva. Mara moja tu: uji umekwisha, kila mtu aende kwake. Mtaa mzima ulijua hesabu hiyo. Hata mbwa wa Mtaa wa Kisima, wakisikia moja, waliinuka wakajikung'uta wakaondoka.

Mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Mzee Makungu, tarishi mstaafu asiye na jino hata moja, ambaye uji ule ndio ulikuwa chakula chake cha kutwa. Jirani yake wa biashara alikuwa Bi Hidaya, muuza vitumbua, mwenye maneno ya kuwatosha watu wawili. Mungu alimweka karibu na Kibibi ili mizani ikae sawa.

*

Wizara ya Afya na Utulivu ilisema kwanza kwamba kwikwi haipo. Waziri mwenyewe alitangaza redioni. "Ndugu wananchi, napenda kuwahakikishia kwamba katika Shwari hakuna, kwik! hakuna kwikwi." Gazeti la serikali likaandika kesho yake kwamba Waziri alisisitiza jambo hilo mara mbili.

Wiki ya pili wizara ikasema kwikwi ipo, ila inapita, haina nia ya kukaa. Wiki ya tatu ikaundwa kamati. Wataalamu kumi na wanane wakafungiwa hotelini siku tisa, wakala samaki wa kupaka, wakatoka na jibu. Kwikwi, walisema, husafiri ndani ya maneno. Mtu akisema, neno hutoka na kwikwi mgongoni, kama kupe juu ya ng'ombe, likaingia sikioni mwa mwenzake.

Hapo ndipo salamu zikapigwa marufuku. Nanyi mnajua salamu za watu wa Shwari. Habari za asubuhi, za tangu jana, za nyumbani, watoto, mgonjwa wenu, yule kuku aliyepotea je? Wizara ilipiga hesabu ikaona kwa salamu moja mtu huweza kumeza kwikwi arobaini. Ikaanzisha Salamu ya Taifa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo vilikohoa, kisha sauti ya mwanamume mmoja ikasema, "Hamjambo nyote? Hatujambo. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Haya." Zikawa zimekwisha salamu za nchi nzima kwa siku hiyo, na atakayeongeza zake ashtakiwe.

"Kanijibia yeye kwamba sijambo," Mzee Makungu alinung'unika. "Na goti linaniuma. Nani kamwambia sijambo?"

Alisema hayo akiwa amempa Bi Hidaya mgongo, naye Bi Hidaya amempa wake. Watu wa Mtaa wa Kisima waliisoma sheria wakaona inakataza kusemezana uso kwa uso. Habari ya migongo haikutajwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulizungumza kwa kupeana visogo, na mapenzi kadhaa yakavunjika kwa kukosea mgongo.

Kisha ikaja amri yenyewe, iliyobandikwa kila mlango wa biashara. Ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza: kila biashara, kubwa au ndogo, iwasiliane na wateja wake wakati wote wa msukosuko huu, ili wateja wasijione wametupwa. Cha pili: ni marufuku mtu yeyote kusema na mtu yeyote. Vifungu vyote viwili vilikuwa kwenye karatasi moja, vimepigwa chapa kwa mashine moja, vimetiwa sahihi kwa kalamu moja, wala kalamu haikuona haya.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, iliandikwa kwamba biashara itakayoshindwa kuthibitisha mawasiliano yake ifikapo mwisho wa mwezi itanyang'anywa nafasi yake, nayo nafasi itapewa Kampuni ya Uji Shwari. Kampuni hiyo ilikuwa ya shemeji wa Waziri. Ilipika uji mmoja tu, mwembamba, wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, ikaupa jina la Uji wa Uzalendo.

Kibibi alisoma amri hiyo kwa kidole, neno kwa neno, kwa kuwa shule aliiachia darasa la tano. Alipofika kwenye herufi za sisimizi, kidole kilisimama. Pembe ile ya mtaa ndiyo iliyomlea yeye na mama yake. Hakuwa na pembe nyingine duniani.

*

Serikali haikuwaacha wananchi gizani. Ilifungua Ofisi ya Kuanika Maneno. Mfanyabiashara mwenye neno la kumwambia mteja aliandika kwenye karatasi, akaipeleka pale, nayo ikatundikwa juani kwenye kamba kwa vibanio vya nguo siku kumi na nne, mpaka kwikwi iliyomo ife kwa joto. Ndipo tarishi akaipeleka. Uwanja mzima wa wizara ulijaa maneno yanayopepea. Siku za mvua makarani walitoka mbio kuyaanua.

Kibibi akaandika neno lake kwa Mzee Makungu: "Uji tayari."

Siku ya kumi na tano, saa tisa alasiri, akamwona mzee anakuja anachechemea mbio, kikombe mkononi, barua inapepea.

"Nimeipata!" mzee alisema, akakumbuka, akageuka akampa mgongo. "Nimeipata, mwanangu. Nitilie."

Kibibi akatazama sufuria tupu aliyokwisha kuisugua kwa majivu.

"Babu," alinong'ona, "huo ni uji wa wiki mbili zilizopita."

"Lakini asubuhi nimekunywa."

"Ulisikia mfuniko."

"Ndiyo, nilisikia mfuniko." Mzee akaikunja barua. "Basi hii inahusu nini?"

"Mawasiliano," alisema Kibibi.

Bi Hidaya, kutoka kwenye karai lake, akacheka hadi akashikwa na kwikwi. "Afadhali wewe shoga! Mimi nilimwandikia, kwik! mteja kwamba vitumbua vina moto. Vimefika kwake na ukungu!"

*

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi akaja Mkaguzi. Aliitwa Bwana Mzungwe, mwembamba, mkoba mkubwa kuliko kifua, na katikati ya paji la uso alikuwa amebandika uzi. Maofisa wote wa Shwari walibandika nyuzi siku hizo, na nyuzi zilikuwa na vyeo. Mweupe ni karani, wa kijani ni mkaguzi, mwekundu ni mkurugenzi. Waziri alibandika utepe mzima uliomfunika jicho moja. Mwenye uzi aliruhusiwa kusema.

"Wewe ndiye, kwik! mwenye uji?"

Kibibi akatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo kwik uliyosikia ni neno la kiofisi. Usilitie maanani. Jaza fomu."

Fomu ilikuwa na maswali thelathini na moja. Kibibi akapiga goti kando ya jiko, akalifikia la kwanza. Nani anayewasiliana na wateja wako? Akafikiri kwa uaminifu, maana hakujua njia nyingine ya kufikiri. Yeye hakuwaita. Ofisi ya Kuanika haikuwaita. Akaandika: Mfuniko.

Bwana Mzungwe akaichukua fomu, akaisoma kwa sauti. "Afisa Mawasiliano: Mfuniko. Vizuri. Jina moja tu? Baba yake hana jina?"

Kibibi akafungua mdomo. Sauti ikafika kooni, ikageuka.

"Yatima," alisema Bi Hidaya haraka, mgongo wake ukiwa kwa Mkaguzi. "Kaokotwa gulioni."

"Pole zake. Elimu?"

"Hana, kaka. Lakini ana kichwa kigumu."

"Uzoefu?"

"Miaka kumi na moja. Hajakosa kazini hata siku moja. Jua, mvua, yupo juu ya kazi."

"Ameoa?"

"Ana sufuria yake," alisema Bi Hidaya, mabega yakimtetemeka.

Bwana Mzungwe akaandika: anajitegemea. Kwake fomu ilikuwa na nafasi za kujazwa, na nafasi zikijaa moyo wake hutulia. Akafika swali la mwisho: Afisa huyo huwaambia nini wateja, na kwa njia gani? Hapo Kibibi akaona afadhali aoneshe. Akaunyanyua mfuniko, akagonga polepole, akaeleza kwa vidole, na Bi Hidaya akatia maneno. Tatu, njooni. Mbili, subirini. Moja, imekwisha, kila mtu aende kwake. Bwana Mzungwe aliandika yote, neno kwa neno, akapiga mhuri.

"Huyu ndiye Mfuniko?" aliuliza alipokuwa akifunga mkoba, akiutazama mfuniko.

"Ndiye," alisema Kibibi, na lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya serikali.

Bwana Mzungwe akautazama mfuniko, akaitazama fomu. Fomu ilikuwa na mhuri, mfuniko haukuwa nao. Akaiamini fomu.

*

Kesho yake walikuja wauguzi wawili na barua iliyoanza, "Ndugu Mfuniko, kwa mujibu wa kanuni, maafisa mawasiliano wote hupimwa kwikwi." Wakaweka kipimo cha mapigo ya moyo juu ya mfuniko. Wakasikiliza dakika kumi. Wakatazamana. Wakasikiliza tena.

"Hana hata moja," alisema mmoja.

"Hata ya mbali?"

"Kimya kabisa. Ametulia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima."

Katika nchi nzima ya Shwari walikuwa wamepimwa maafisa mawasiliano elfu tatu na mia mbili, wa mabenki, wa viwanda, wa mahoteli na wa wizara yenyewe. Wote walikuwa nayo. Mfuniko peke yake ndiye aliyeonekana safi. Habari hiyo ilipofika wizarani, watu walikumbatiana kwa migongo. Waziri alilia, machozi yakaulowesha utepe. Alisema ndiyo sifa ya nchi yetu, kwamba kijana yatima asiye na elimu anaweza kutoka jikoni akafika juu.

Siku hiyo hiyo ikatoka barua ya pili. Ndugu Mfuniko amepandishwa cheo kuwa Afisa Mawasiliano Mkuu wa Taifa. Ataapishwa Ijumaa uwanja wa taifa mbele ya Mtukufu Rais. Lugha yake ya kugonga itakuwa lugha rasmi ya mawasiliano kwa biashara zote na wananchi wote mpaka hapo itakapoamriwa vinginevyo. Mwongozo wake, ulionakiliwa kutoka kwenye fomu ya Bwana Mzungwe, ulichapishwa nakala milioni mbili na kugawiwa nyumba kwa nyumba. Ukurasa wa kwanza ulisema kwa herufi nene: Kauli ya Mfuniko itatiiwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, bila kuuliza.

Chini, kwa herufi za sisimizi, barua iliongeza hivi. Kwa kuwa Ndugu Mfuniko sasa ni wa taifa, biashara ya uji ya Mtaa wa Kisima imebaki haina afisa mawasiliano. Kwa hiyo nafasi yake itakabidhiwa Kampuni ya Uji Shwari Jumatatu asubuhi. Hongereni sana.

Wakauchukua mfuniko kwa gari lenye bendera. Kibibi akabaki na sufuria wazi, mvuke unapaa, uji unaota ngozi.

"Nenda huko uwanjani ukakidai kilicho chako," Bi Hidaya alimwambia.

"Nitasemaje mbele ya watu wote wale?"

"Kwa mdomo, shoga. Si unao? Au na wenyewe umepandishwa cheo?"

Mzee Makungu alikishika kikombe chake kitupu kwa mikono miwili, akakitazama ndani kama mtu anayetazama kisima kilichokauka. Kwa kikombe hicho, zaidi ya yote, Kibibi akaamua kwenda.

*

Uwanja ulifurika. Watu walikaa wamepeana migongo, mstari mmoja ukitazama jukwaa na mstari mmoja ukitazama choo. Mfuniko ulikuwa jukwaani, umeegemezwa kwenye kiti cha enzi, umefungwa tai. Kando yake umelazwa upawa uliopakwa rangi ya dhahabu. Vipaza sauti vya nchi nzima, mpaka vijiji vya mwisho, vilikuwa vimeunganishwa, ili kila mtu asikie kauli ya kwanza ya Afisa Mkuu.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. "Ndugu zangu, kwik! leo Shwari imeandika, kwik! historia. Nchi nyingine zinauliza, biashara zitawafikiaje wateja wakati wa ugonjwa? Sisi hatuulizi! Sisi, kwik! tuna Mfuniko!" Kila alipotaja jina hilo maofisa walisimama, wakapiga makofi, wakatoa kwikwi, wakakaa. Shemeji wake mstari wa mbele alipiga makofi kwa kasi zaidi, mikono bado ina unga wa Uji wa Uzalendo.

Kibibi alikuwa amejipenyeza mpaka chini ya ngazi za jukwaa. Alijisemea moyoni, nitasema, "Naomba mfuniko wangu." Maneno matatu tu. Mtu hawezi kufa kwa maneno matatu.

Mtukufu Rais akainuka. Alikuwa mzee mnene mwenye uso mwema, ambaye miaka ishirini na saba hajabisha mlango wala kufungua mwenyewe. Akaushika upawa wa dhahabu. Akawageukia wasaidizi wake.

"Hiki kitu nakigonga mara ngapi?"

Wasaidizi wakatazamana. Mwongozo walikuwa wameusaini, lakini kuusoma ni kazi ya walio chini.

"Mara ngapi?" aliuliza tena. "Nani anajua?"

Kibibi alijua. Katika uwanja ule, mtu aliyejua kwa mkono wake mwenyewe alikuwa mmoja. Akapanda ngazi mbili. Akanyanyua kidole. Sauti ikaja, ikafika kooni, na safari hii haikugeuka. "Mtukufu, ukigonga mara..."

"Simama hapo!" Mkuu wa Itifaki alimrukia. "Maneno yako yameanikwa?"

"Bado, lakini..."

"Siku kumi na nne! Ukayatundike kwanza!"

"Lakini akigonga mara mo..."

"Wewe dada, unataka kumtia Rais kwikwi?"

Rais akasubiri kidogo. Jua lilikuwa kali. Kisha akajibu swali lake mwenyewe, kama alivyozoea. "Rais," alisema, "hasemi jambo mara mbili."

Akanyanyua upawa kwa nguvu zake zote. Akagonga mara moja.

NGAAA!

Ulikuwa mlio ambao haujapata kusikika. Ulitoka kwenye mfuniko, ukaingia kwenye vipaza sauti, ukatoka kwenye nguzo zote za Shwari kwa mpigo mmoja. Kuku waliangua mayai ambayo hayajafika siku zake. Wagonjwa waliruka vitandani. Watu wote uwanjani walishtuka kwa pamoja, mabega yakapanda mpaka masikioni. Mabega yalipoteremka, kukawa kimya kikubwa.

Hakuna kwikwi.

Watu wakasubiri. Wakashika vifua vyao. Hakuna. Bibi yeyote wa Shwari angeweza kuwaambia tangu Jumanne ile ya kwanza kwamba mwenye kwikwi, uzi ukishindwa, hushtuliwa. Lakini mabibi hawakuwa kwenye kamati.

Waziri akafungua mdomo atangaze ushindi. Ndipo alipowaona watu wa Mtaa wa Kisima wanainuka, wanajikung'uta nyuma, wanaondoka.

"Ninyi! Mnakwenda wapi? Sherehe haijaisha!"

"Imekwisha, baba," alijibu Mzee Makungu. "Si umesikia? Imegongwa moja."

Mstari wa pili ukafungua miongozo yake. Ukasoma: moja, imekwisha, kila mtu aende kwake. Ukainuka. Mstari wa tatu ukainuka. Askari wakasoma, wakafunga vizuizi, wakaenda kwao. Bendi ikasoma, ikabeba matarumbeta. Maofisa wa nyuzi nyeupe wakainuka, kisha wa kijani, kisha wa nyekundu, kwa maana kauli ilikuwa ya kutiiwa na mkubwa kwa mdogo bila kuuliza, na wao ndio waliokuwa wameiandika.

"Mtukufu," Waziri alinong'ona, "tugonge tena, tuseme ulikosea."

Rais akamtazama kwa mshangao. "Mimi?" akasema. "Nilikosea?"

Waziri akakusanya hotuba yake, akambusu shemeji shavuni, akaenda kwake. Rais akasimama peke yake jukwaani, akatafuta wa kumfungulia mlango wa gari, hakumpata. Akaufungua mwenyewe baada ya kujaribu mara nne. Naye akaenda kwake.

Kibibi akapanda ngazi zilizobaki. Akaufungua mfuniko tai, akaujitwika kichwani, akarudi Mtaa wa Kisima kwa miguu.

*

Jumatatu ilipofika, saa kumi na mbili, vipaza sauti havikukohoa. Msalimu wa Taifa alikuwa kwake. Watu walitoka nje, wakatazamana nyuso, wakaona wenzao wamezeeka kidogo, wakaanza kusalimiana. Salamu za miezi mitatu zilikuwa zimelimbikizana. Walifika mpaka kwa yule kuku aliyepotea.

Ofisi zote zilikuwa zimefungwa. Maneno yaliyobaki kwenye kamba yalipeperushwa na upepo, na mtu mmoja wa bandarini alipokea barua ya mapenzi ya muuza saruji. Gari la Kampuni ya Uji Shwari halikuja kuchukua nafasi ya mtu. Dereva alikuwa kwake, na shemeji alikuwa kwake, na hati ya kukabidhi ilihitaji mhuri ulioko kwake Bwana Mzungwe, naye Bwana Mzungwe, sadfa tu, aliishi ghorofani mkabala na jiko la Kibibi.

Uji ukaiva. Harufu ya nazi ikapanda. Mzee Makungu alikuwa barazani kwake mwisho wa mtaa, kikombe magotini, sikio limetegwa. Kibibi akaunyanyua mfuniko kwa mkono wa kushoto, kama siku zote, na upawa kwa mkono wa kulia.

"Usigonge!"

Bi Hidaya alikuwa ameacha vitumbua vinaungua. "Shoga, tazama juu."

Kibibi akatazama. Dirishani alisimama Bwana Mzungwe. Alikuwa amevaa shati, tai, na chini msuli. Mkoba alikuwa ameukumbatia, uzi wa kijani uko mahali pake, na macho ameyakaza kwenye upawa. Kwenye dirisha la pili alikuwepo karani wa Ofisi ya Kuanika, vibanio mkononi. La tatu, mtu wa herufi za sisimizi. Nchi nzima, kwenye kila dirisha, serikali ilikuwa imevaa viatu ikisubiri. Ilikuwa imepewa moja, ikaenda kwake. Ikipewa tatu, ingekuja.

"Ukigonga tatu wanarudi wote," alisema Bi Hidaya.

"Na nisipogonga, babu atajuaje uji tayari?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Bi Hidaya hakuwa na neno.

Kibibi akauteremsha mfuniko taratibu, akauweka chini, akaufunika kwa kanga ili hata upepo usiuguse. Akajifuta mikono. Akatazama sufuria, kisha akaacha kuitazama. Akavuta pumzi.

"Uji tayari!" aliita. "Karibuni uji!"

Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye kukwaruza, kama mlango wa nyumba isiyokaliwa. Mwisho wa mtaa, Mzee Makungu akainuka kwa kushika nguzo, akaja anachechemea.

"Nani aliyeita?"

"Ni mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe una sauti?"

"Ninayo. Habari za asubuhi? Goti je?"

"Goti!" alisema mzee, akakaa chini kwa raha, akanyoosha kikombe. "Umeuliza goti? Basi nitilie kwanza, maana ni hadithi ndefu."

Dirishani juu pakasikika kikohozi.

"Dada," Bwana Mzungwe aliita kwa adabu, "samahani. Umegonga?"

"Sijagonga, kaka."

"Haya. Nasubiri."

Kibibi akajaza kikombe kingine, akampa Bi Hidaya, naye akakipandisha kwa ufito mpaka dirishani. Bwana Mzungwe akakipokea, akaweka mkoba chini kwa mara ya kwanza. Akapuliza, akanywa. Uzi wa kijani ukalegea kwa mvuke, ukamdondokea ndani ya kikombe, wala hakuuona.

Kama kwenu ofisi zinafunguliwa kila asubuhi, basi kwenu si Shwari, na haya hayawahusu.